Steringi kukosa priviu kusihusishwe na Tony

Mhariri,

Ile makala ya wiki iliyopita kwenye ukurasa wenu wa burudani, iliyosema steringi wa Broadway, yaani michezo ya majumba makubwa ya New York, akikosa maonyesho ya priviu (yale ya kabla ya ufunguzi rasmi) basi Tuzo ya Tony, ile kubwa ya Broadway, ameitupa mwenyewe, nimeisoma yote na sijakubaliana nayo. Mwandishi wenu kalamu anaijua, ila amechanganya hasira za mtu aliyekata tiketi na kura ya tuzo, na hivyo ni vitu viwili kabisa.

Hizo hasira nazielewa bana. Mimi niko New Jersey, huwa navuka mto kwenda kuangalia. Unakaa kwenye kiti, unafungua kijitabu, kinadondoka kikaratasi kimeandikwa leo nafasi ya fulani itachezwa na fulani, unasikia watu wanaguna mstari mzima na kuna mama anamgeukia mumewe kama yeye ndiye aliyemwambia staa asije. Na tiketi za priviu siku hizi si za bure, kwa hiyo asije mtu akatuambia eti ile ni mechi ya kirafiki. Lakini desturi ya pale ni kwamba kama jina la staa limewekwa juu ya jina la mchezo na hayupo, unaenda dirishani unarudishiwa hela au unabadilishiwa tarehe. Hapo prodyuza ameshaumia. Sasa Tony inaingiaje?

Mwandishi katoa mfano wa mwigizaji Bernadette Peters kwenye mchezo wa muziki, Gypsy ya mwaka 2003, haya tuuangalie huo mfano wenyewe. Ufunguzi rasmi ulikuwa tarehe 1 Mei pale Shubert Theatre, kwenye priviu za mwezi Aprili mama wa watu akaumwa akakosa maonyesho kadhaa, gazeti la New York Post likalishikia bango, na hata baada ya ufunguzi akikosa siku moja tu ni habari. Tarehe 8 Juni Tony ikaenda kwa Marissa Jaret Winokur wa mchezo wa Hairspray. Tangu hapo watu wanasema mafua ndiyo yaliyomnyima. Jamani! Hairspray ilikuwa jukwaani tangu Agosti 2002, ndiyo ilikuwa habari ya mji, usiku ule ikabeba Tony 8. Na mhakiki wa New York Times alimsifia Peters kwelikweli, kwa hiyo huwezi kusema kazi yake haikuonekana. Halafu hiyo nafasi ya Rose, aliyoicheza Peters kwenye Gypsy, yenyewe haina mwenyewe. Angela Lansbury alishinda nayo 1975, Tyne Daly 1990, Patti LuPone 2008, lakini Ethel Merman ambaye ndiye aliyeandikiwa alishindwa na Mary Martin mwaka 1960, na Audra McDonald mwenye Tony 6 nyumbani akaikosa 2025. Nao tuseme ni mafua?

Kama kuna kitu kilimwumiza Peters mimi naona ni kalenda, na umbea juu yake. Hesabu mwenyewe, kutoka 1 Mei mpaka 8 Juni ni wiki tano na kidogo, na wapiga kura wako mamia, wote wanatakiwa waje waangalie ndani ya muda huo, sasa ukikosa hapo ndipo mpiga kura anakuja anamkuta mwigizaji wa akiba jukwaani, inabidi apange kurudi siku nyingine na ameshasoma gazetini kwamba huyu dada haji kazini. Hiyo ni hasara ya kweli. Ila priviu za mwanzo? Pale bado wanakata nyimbo, wanahamisha taa, mkurugenzi anabadilisha sini mchana watu wanacheza usiku. Wahakiki wenyewe huja zile siku za mwisho mwisho kabla ya ufunguzi. Na hapo ni maonyesho 8 kwa wiki, koo ni moja.

Halafu kuna mwigizaji Carol Haney, huyu hajatajwa kabisa kwenye makala. 1954, mchezo wake The Pajama Game ndiyo kwanza umefunguliwa, kaumia kifundo cha mguu, akaingia binti wa akiba anaitwa Shirley MacLaine, prodyuza wa Hollywood Hal Wallis akamwona, akampeleka kwenye filamu na yaliyofuata mnayajua. Watu huishia hapo. Lakini Haney naye 1955 alichukua Tony yake, kwa nafasi hiyo hiyo!

Na Desemba 2021 je, mchezo wa The Music Man? Wiki ya kwanza tu ya priviu steringi wa kike Sutton Foster kapata korona, Kathy Voytko wa akiba akaambiwa saa sita mchana kwamba leo unacheza wewe, saa saba ndiyo akafanya mazoezi ya kwanza ya nafasi ile, usiku akaibeba. Steringi wa kiume Hugh Jackman akasimama mwishoni akamsifia yeye na wenzake wa akiba, ile video ikazunguka dunia nzima. Siku chache baadaye Jackman naye akaugua, maonyesho yakasimamishwa. Mastaa wote wawili wakaingia kwenye orodha ya Tony 2022 bila shida, wakakosa kwa sababu washindi, Joaquina Kalukango na Myles Frost, walikuwa moto mwaka huo. Aliyekuwa hawezi hata kuingia kwenye orodha ni Voytko, maana Tony inaangalia waliofungua onyesho, mtu wa akiba hata alie damu jukwaani hahesabiwi.

Hilo ndilo ningependa mwandishi wenu alishikie kalamu mhariri, kwamba kwa nini kwenye tuzo zote hizo hakuna hata moja ya mtu aliyepigiwa simu saa sita na pazia linafunguliwa jioni. Na akiandika, awataje kwa majina.

Msomaji wenu,
New Jersey