Mama, usimchape kwa ajili ya medali

Lyon, Ufaransa

Mama mpendwa,

Hujambo? Na Baba je, kile kikohozi kimetulia? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Ile ya Molo ni mchezo wa watoto.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Eti kitindamimba ametuaibisha kwenye mashindano ya sarakasi: kavishwa medali ya pili, akaivua papo hapo mbele ya wageni. Unisamehe Mama, nilicheka kwanza. Kisha nikamkumbuka mtelezaji wa barafu Surya Bonaly.

Unajua kazi yangu ni kugawa viatu vya kutelezea kwenye barafu. Chini vina chuma chembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na mbele kina meno ya kuchimbia barafu mtu anaporuka. Juu ya vyuma hivyo huyo dada, Mfaransa mweusi aliyezaliwa Nice mwaka 1973, alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, 1991 hadi 1995. Naye alitokea kwenye jimnastiki, kama huyu wetu.

Lakini ubingwa wa dunia ulimpiga chenga. Medali ya fedha 1993, fedha 1994, fedha 1995! Ile ya 1994, kule Chiba, Japani, majaji watano walimchagua mwenyeji, Yuka Sato, na wanne wakamchagua yeye. Kupanda jukwaani alikataa kwanza. Alipovishwa medali akaivua, machozi yakimtoka, na ukumbi ukamzomea.

Nimeitazama video ile mara nyingi. Sato hakubebwa, aliteleza kama maji. Ila enzi zile alama zilikuwa mbili, moja ya ufundi na moja ya uonyeshaji, na hiyo ya pili haina rula. Bonaly aliruka kuliko wengi. Wakosoaji wakasema hana madaha. Madaha yanapimwa kwa kilo?

Sasa sikia. Mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya Nagano, kisigino chake kilikuwa kimeshawahi kukatika kano, na medali aliona haipati tena. Samasoti ya kinyumenyume ilikuwa marufuku tangu miaka ya 1970. Akaipiga! Akatua kwa mguu mmoja, kama heroe wa ziwani kwetu. Alipomaliza aliwapa majaji mgongo, akawainamia watazamaji. Akawa wa kumi. Marufuku yenyewe iliondolewa 2024, miaka 26 baadaye, na sasa watoto wa hapa wananiuliza mimi, mgawa viatu, inapigwaje.

Kwa hiyo, Mama, usimchape. Aende kwa mwalimu wake aombe radhi kwa kuivua medali, maana yule msichana aliyeshinda hakumkosea kitu. Kwa kulia asiombe radhi. Na hiyo medali usiifiche, mrudishie.

Ijumaa nitatuma pesa kwa simu. Toa karo kwanza, zitakazobaki ni za godoro kuukuu pale sokoni, maana akiendelea kutua kwenye saruji ya uwanja huo wa Bondeni atavunjika nyonga. Baba akiuliza, mwambie godoro ni la wageni.

Mwanao,
kifungua mimba