Mama, nitumieni picha ya jamvi

London

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi mzima, baridi tu ndiyo inayoniingia mifupani. Nataraji nanyi hapo Wete hamjambo, na Ami mgongo wake umepoa.

Juzi uliniuliza, simu ikakatika kabla sijakujibu: "Hivi vitabu hivyo wewe waviandika au wavichapa?" Siandiki wala sichapi, Mama. Mwandishi akishamaliza, mimi nakitafutia kitabu chake nguo, yaani jalada. Na kazi hii nimeianza kwako, dukani.

Wakumbuka wateja wa kanga? Mtu akiingia, jicho linakwenda kwenye mji na pindo, kisha anainama asome jina. Jina lisipompata moyoni, kanga inarudi rafuni hata iwe nzuri vipi. Jalada nalo ni hivyo hivyo, ila mteja wa huku mara nyingi analiona kwanza kwenye simu, dogo kama stempu. Jina lisiposomeka hapo, limepotea. Hata vipimo vyetu vinafanana: wewe ukikata doti huacha nafasi ya kupinda, na mimi huipitisha picha milimita 3 nje ya mstari, maana kisu cha kiwandani huteleza. Mgongo wa kitabu nao una hesabu yake. Kurasa 320 ni karatasi 160; zidisha kwa unene wa karatasi moja, ndipo ujue jina la mwandishi litaenea ama halitaenea.

Sasa nikwambie linaloninyima usingizi. Nimepewa riwaya inayotokea Pemba. Pemba yetu, Mama! Siku niliyoipokea niliisoma usiku kucha, nikanusa karafuu humu chumbani. Asubuhi nikafungua maelekezo ya jalada: anga la rangi ya chungwa, jua linatua, na mti wa mgunga, ule wa mbugani uliokaa kama mwavuli. Nikayasoma mara tatu. Kitabu kizima ni watu wanaochuma karafuu, na hamna mgunga hata mmoja. Mti huo nimeshauona juu ya riwaya za nchi nyingi za Afrika, hata zile zinazotokea katikati ya mji. Kisiwa ambacho Waarabu walikiita cha Kijani, leo kivishwe nguo ya nyika?

Kikaoni nilisema. Watu wa mauzo wakanijibu kwamba mnunuzi akiuona mti ule anajua mara moja kuwa hii ni Afrika. Nikawaambia basi tumemdanganya kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, na mwandishi tumemnyang'anya kwao. Sauti ilinitetemeka, sikuificha. Mhariri akasimama nami. Nimepewa mpaka Alkhamisi ya wiki ijayo nilete jalada jengine.

Nimejaribu kuchora karafuu kwa mkono, ikatoka kama msumari. Watu wa huku wanaijua ikiwa kavu, imo kichupani. Hawajaiona ikiwa mbichi, kijani inayogeuka nyekundu, imemwagwa uani kwa Ami. Hiyo ndiyo rangi niitakayo.

Kwa hivyo nakuombeni. Mwambie mdogo wangu aende kwa Ami asubuhi, mnamo saa moja na nusu, jua halijawa kali. Apande juu ya kiti alipige picha jamvi kutoka juu: siku ya kwanza karafuu zikiwa mbichi, na siku ya tatu zikishakuwa hudhurungi. Mikono ya wanaochambua vikonyo ikiingia, iingie. Upande wa juu wa jamvi pabaki patupu, hapo ndipo jina litakapokaa. Asizitie urembo wa simu, kwani rangi inayong'ara kwenye kioo hufifia ikifika kwenye wino na karatasi. Na akizituma WhatsApp azitume kama faili, zikenda kama picha za kawaida hupungua, haziwezi kuchapwa. Ikichaguliwa moja atalipwa, na jina lake litaandikwa nyuma ya jalada.

Nisalimie Ami, na Bibi umbusie mkono. Picha zikifika Jumatatu nitakuwa na siku tatu za kazi.

Ni mimi mwanao