Nilipigana na giza wiki tatu

Mwenzangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila macho yamechoka. Najua deni la barua ni langu, na udhuru ninao mmoja tu: chupa.

Unaikumbuka ile alkeni yangu, molekuli yenye kifungo maradufu cha kaboni? Kwa kawaida hupenda umbo la E, vikundi vikubwa vikipeana mgongo kama mtu na mkwewe. Mimi naitaka Z, vikiwa upande mmoja. Kichocheo cha metali ya iridi kikipigwa mwanga wa buluu hubeba nishati na kuikabidhi E, nayo inageuka Z. Z imebanana na kujipinda, kuisisimua kunataka nishati kubwa kuliko aliyonayo iridi, basi inaachwa. Joto haliwezi kukupa hivyo hata uchemshe mwaka mzima. Hapo ndipo mwanga uliponiteka.

Kwenye kichupa cha mililita 2, kufika asubuhi karibu yote ni Z. Mwalimu akafurahi: haya, tengeneza gramu 5. Nikahamia chupa ya nusu lita, taa zilezile. Asubuhi, E tele! Nikalaumu oksijeni, maana huzima kichocheo kikiwa kimesisimka. Nikagandisha na kuvuta hewa mara 3, kisha mara 5. Nikaongeza iridi (bei yake unaijua, usimwambie mtu). Wapi.

Aliyeniokoa ni fundi wetu wa vioo, aliyekuja kuomba kalamu. Akaweka karatasi nyeupe nyuma ya chupa. “Mbona huku hakuna buluu?” Kweli, karatasi nyeupe pe. Milimita chache za kwanza zilikuwa zinameza mwanga wote, ndani giza totoro, nami nikiongeza iridi nazidi kulifanya pazia zito. Wiki tatu, mwenzangu! Na mkemia Ciamician wa Bologna alishaota misitu ya mirija ya kioo tangu 1912. Mirija, si mapipa. Nilisoma, nikapita.

Sasa nimeuzungusha mrija mwembamba kwenye taa, kama nyoka kwenye mti, ila pampu yangu inasukuma kwa kwikwi. Ile yako ya sindano bado ipo? Unaweza kuniazima wiki mbili? Mrija wako ulikuwa na upana gani, milimita 1 au chini? Viputo uliviondoaje? Na yule jirani yako wa benchi, bado anafunika kila kitu kwa karatasi ya alumini? Na ile chupa... basi, sitaitaja tena. Nijibu kabla ya Ijumaa.

Wako yuleyule