Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Ya fedha nayapitia haraka, maana mweka hazina amekwisha kuwagawia karatasi ya hesabu. Ada zinaingia kwa kusuasua, ila hatudaiwi na mtu. Nafasi iliyobaki naomba niitumie kwa Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, lililofunguliwa upya Oktoba mwaka huu. Mwaka mzima wanachama mmekuwa mkiniuliza habari zake kuliko habari za chama.

Kwa vijana waliojiunga karibuni: Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1937 tume ya De La Warr, iliyotumwa na serikali ya Uingereza, ikapendekeza iwe chuo cha elimu ya juu kwa Afrika Mashariki yote. Ujenzi wa jengo ukazinduliwa Novemba 1938 na Duke wa Gloucester, ndugu wa mfalme wa Uingereza, likakamilika 1941 huku vita vya dunia vimepamba moto. Mwalimu Nyerere alipofika 1943 kusomea ualimu, alilikuta bado jipya. Sisi Tanganyika tulisubiri hadi 1961 kupata chuo kikuu cha kwetu, nacho kikaanzia kwenye jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba. Ndiyo maana wazee wetu wengi, Mkapa akiwamo, walisomea Kampala.

Jengo lenyewe halina makeke. Limekaa kilimani, mabawa yake ya kulia na kushoto yanafanana, katikati umesimama mnara wa saa, kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu. Ni sura ya Kiingereza juu ya kilima cha Buganda, na sijawahi kuionea fahari sura hiyo. Lakini aliyechagua mahali pa kuliweka alijua anachofanya. Ukisimama chini, kwenye majani ya Freedom Square, uwanja ulio mbele ya jengo, macho yanapanda yenyewe hadi kwenye saa, nawe unajikuta umenyoosha mgongo. Siku ya mahafali jambo hilo hulihisi hata mzazi aliyekuja kutoka kijijini na hajui lolote la usanifu.

Usiku wa kuamkia Jumapili, Septemba 20, 2020, moto ukalila paa na ghorofa za juu. Kumbukumbu za idara ya fedha zikateketea. Sherehe za miaka mia moja ya chuo, mwaka 2022, zikapita jengo likiwa bado mikononi mwa mafundi.

Serikali ya Uganda ikaamua lirudishwe kwa sura ile ile. Mnakumbuka tulivyobishana hapa, wengine wakisema ingefaa lijengwe jipya kabisa, la kisasa. Mimi nilikuwa upande wa kulirudisha na bado niko huko. Kizazi kizima cha viongozi wa nchi hizi kilipita chini ya mnara ule, na mjukuu wa mhitimu wa 1955 ana haki ya kuuona. Ila tusidanganyane: hili ni jengo la 2024 lenye sura ya 1941, na wageni tunaowapeleka pale tuwaambie hivyo.

Kuta zimerudi. Karatasi hazirudi, na hapo ndipo chama chetu kina kazi. Mzee mmoja alituletea picha ya darasa lake, vijana wamejipanga safu tatu, tai zimebanwa shingoni, nyuma ya picha majina yote kwa kalamu ya wino. Pembe moja ilishaliwa na mchwa. Picha kama hiyo ni nakala pekee, na nyingi zimelala kwenye masanduku ya wajane na watoto ambao hawajui ni za nini.

Kamati imekubali kuanza kuziskani: picha, vyeti, barua za kukubaliwa chuoni, hata ratiba za mitihani. Mwenye mali anabaki na mali yake, chama kinachukua nakala tu. Tafadhali andikeni nyuma, kwa penseli, nani ni nani na mwaka gani. Kina Mzee mlio nje ya Dar es Salaam, msitume kwa basi. Mpeni mtu anayesafiri, ama tutafuata wenyewe.

Makusanyo yanaanza Januari kwa katibu. Uchaguzi wa mweka hazina mpya utafuata mara baada ya chai.

Mwenyekiti