Usikubali wazikate

Shoga yangu,

Vipi Lindi, wazima huko? Picha zako za sayanotaipu za majani ya mkorosho, zile za kupaka karatasi dawa, kulaza majani juu, kuanika juani halafu kuosha kwa maji, zimenifikia juzi usiku kwenye simu, nimezikodolea macho mpaka mama akauliza nimepata habari gani. Ile bluu umeipata haswa, na mishipa ya majani imetoka myeupe, yaani hapo najua ulilisubiri jua la saa sita na hukuwa na papara ya kuosha.

Sasa uliposema fundi fremu anataka akate zile kingo za brashi zinyooke halafu abandike karatasi yote kwa gundi, moyo ulinilipuka. Usikubali! Zile kingo ndo pale mkono wako ulipopita na dawa, mtu akiziona anajua hii haijatoka kwenye mashine. Mwambie dirisha la kadibodi, yaani lile tundu la kadibodi inayozunguka picha kwa mbele, alikate kubwa kuliko picha, sentimita moja hivi kila upande, ili karatasi ionekane yote mpaka mwisho. Upana wa kadibodi yenyewe, pembeni na juu acha kama sentimita saba, chini weka tisa, maana zikilingana jicho linaiona picha kama inateleza chini.

Na gundi hapana jamani. Mwaka jana zangu nilizipiga gundi ya mbao nyuma kote, masika ilipoingia karatasi ikataka kutanuka haina pa kwenda, ikafanya mapovu, na zile za selotepu zikaota mistari ya njano. Picha sita zimeenda, na mojawapo ni ile ya mkoko wa Mikindani ambayo siwezi kuirudia, nililia. Siku hizi napika wanga wa ngano na maji mpaka unakuwa kama uji mzito, napaka kwenye vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani, navibandika ukingo wa juu tu wa picha na kadibodi ya nyuma, picha inaning'inia kama kanga kwenye kamba. Unyevu ukija inapumua, na siku ukitaka kuitoa unalowesha kidogo inaachia.

Halafu hili usilisahau: kadibodi nyingi za kuhifadhia picha zinawekewa chokaa kuzuia asidi, kwa picha nyingine sawa, ila hii bluu yetu chokaa inaila taratibu, kama vile sabuni inavyoila. Uliza kadibodi ya pamba isiyo na chokaa. Na iwe nene, kioo kisiiguse picha, kwa joto hili la pwani vinagandana.

Ukutani usiweke mkabala na dirisha. Ikipauka usiogope, itie kabatini gizani siku kadhaa, bluu inarudi, si yote lakini inarudi.

Nipimie picha zote urefu na upana unitumie kabla ya Ijumaa, madirisha nitakukatia mwenyewe, Jumamosi napanda basi la asubuhi nakuletea. Fundi abaki na mbao na kioo tu.

Nakupenda sana, msalimie bibi.