Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori wa Jimbo la Colorado kuhusu leseni za kuwinda elki

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ninaandika nikiwa mkazi wa Aurora na mzaliwa wa Tanzania, pamoja na majirani kadhaa kutoka Kongo na Burundi, sote tukiwa wawindaji wa elki, yule mnyama wa jamii ya kulungu ambaye Colorado inaye kwa wingi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani. Hatuombi kulegezewa sheria. Tunaelewa kwa nini leseni zina kikomo katika maeneo mengi, kwani hata kwetu mtu hawindi bila leseni, wala nje ya msimu. Tunaomba droo ya leseni hizo ielezwe kwa Kiswahili.

Mafunzo ya usalama, yanayomlazimu kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949, tumeyapitia. Katazo la kuacha nyama iharibike porini tunalipokea kwa mikono miwili, maana kwetu nyama ndiyo sababu ya safari yenyewe.

Ugumu uko kwenye maombi, ambayo hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Mwombaji huandika msimbo, mathalani E-F-012-O1-R, uliobeba aina ya mnyama, jinsia, eneo, msimu na silaha. Herufi moja ikikosewa, aliyekusudia dume huweza kupewa leseni ya jike. Zito zaidi ni chaguo la kwanza. Kwa utaratibu tulioukuta, anayekosa leseni ya chaguo hilo huongezewa alama moja ya kipaumbele, lakini anayeipata hupoteza alama zote alizokusanya, hata ziwe za miaka kumi, ilhali leseni ya chaguo la pili, la tatu au la nne haigusi alama zake. Jirani yangu, mzee mwenye subira, alikuwa na alama tano alizoziweka kwa ajili ya eneo linalogombewa sana. Aliyemsaidia kujaza maombi, kwa nia njema kabisa, akatanguliza eneo ambalo hata asiye na alama hulipata. Mzee alipata leseni akafurahi, hadi mwaka uliofuata alipokuta alama zake ni sifuri.

Kwa hiyo tunaomba, kabla ya droo ijayo kufunguliwa, kijitabu cha kurasa chache kinachofafanua msimbo herufi kwa herufi, na kinachomfuata mwombaji mmoja mwaka hadi mwaka, kikionyesha alama zinavyopanda na zinavyofutika. Neno lenyewe “alama” litafutiwe ufafanuzi mzuri, kwa sababu msomaji wa Kiswahili hufikiria mtihani, ambako alama ulizopata hazifutwi kwa kufaulu. Pengine “alama za kusubiri” lingeeleweka upesi zaidi. Miongoni mwetu wamo walimu na wakalimani, nasi tuko tayari kukaa na maofisa wako kuipitia rasimu hiyo bila malipo, jioni yoyote mtakayotupangia.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Aurora, Colorado