Mikopo ya boti Kigoma ihesabu pamba, misumari na mbalamwezi

Ndugu Mhariri,

Sisi mafundi wa boti tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo moja linalowaumiza wamiliki wapya wa boti za mbao hapa Kigoma, nalo ni makadirio. Vikundi vingi vinavyoomba mkopo, uwe ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri au wa benki, huandika kwenye andiko vitu vitatu: boti, injini na nyavu. Fedha ikitoka inaishia hapohapo. Hakuna shilingi ya pamba ya kuzibia mbao, ya misumari, ya impela (feni ya pampu ya maji ya injini) wala ya siku ambazo boti italazwa nchi kavu. Mwaka haujaisha boti inavuja, marejesho yamesimama, na lawama anatupiwa fundi.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaomiliki vyombo vya matanga vya safari ndefu wana kanuni ya mkato: kila mwaka tenga sehemu ya kumi ya bei ya chombo kwa ajili ya matengenezo. Kwa boti ya kazi, inayobeba dagaa au abiria karibu kila siku, tunaona hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Tuseme boti na injini vimegharimu shilingi milioni 15. Sehemu ya kumi ni milioni 1.5 kwa mwaka, yaani 125,000 kila mwezi, kabla hujagusa petroli, leseni na majaketi ya kuokolea. Tena hapo hujaanza kuweka akiba ya injini mpya. Ikiwa injini peke yake ilikuwa milioni 8 na unatarajia ikufae miaka mitano, unatakiwa kuweka pembeni 133,000 na kitu kwa mwezi. Andiko lisiloonyesha mistari hiyo miwili halijakamilika, hata kama lina mihuri yote.

Makadirio hukosewa zaidi kwa sababu watu hawajui kinachoua boti ya ziwani. Maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari. Mdudu anayetoboa majahazi ya Mwambao huku hayupo, na injini hailiwi na chumvi, ndipo wengi wanaposema boti ya ziwa haina gharama. Lakini chumvi hiyohiyo ndiyo inayouzuia ukungu wa kuozesha mbao. Sisi hatunayo, kwa hiyo boti zetu huozea ndani. Ubao uliozama majini muda wote hauozi upesi, maana ukungu unahitaji hewa. Panapooza ni pale penye unyevu na hewa kwa pamoja: chini ya sakafu, kwenye miguu ya mataruma (mbavu za boti), na kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, ambako maji ya mvua na uchafu wa dagaa hukaa wiki nzima. Kinga yake ni rahisi. Sakafu iwe ya kunyanyuka, isipigiliwe misumari. Kila taruma litobolewe upenyo wa vidole viwili kando ya mkuku (uti wa chini wa boti) ili maji yatiririke hadi sehemu moja ya kuchotea. Ngama ioshwe kwa maji ya ziwa kila boti inapomaliza kupakua. Mnunuzi anayeona sakafu imepigiliwa kwa misumari aombe ing'olewe kabla hajatoa hela.

Mbao nazo zina hesabu yake. Mvule na mninga zimekuwa ghali, na mbao isiyo na hati ya kusafirishia inaweza kukamatwa njiani, hivyo wapo wanaokimbilia paina. Paina inafaa sakafu na viti. Ukiiweka chini ya mstari wa maji hunywa maji na kuoza mapema. Kibaya kuliko aina ya mti ni haraka ya mteja. Kanuni ya zamani ya mafundi wa vyombo ni mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene. Hapa ni nadra mtu kuvumilia hivyo, lakini angalau miezi mitatu au minne kivulini, mbao zikiwa zimepangwa na vijiti katikati ili upepo upite, haina mjadala. Mteja anayeagiza boti na kutaka kuichukua baada ya wiki tatu anajengewa kwa mbao mbichi. Zitasinyaa siku ya kwanza boti inapopandishwa ufukweni, na mishono, yaani maungio ya ubao na ubao, itafunguka upana wa kuingiza sarafu.

Misumari ni pale watu wanapookoa elfu kumi na kupoteza boti. Ubao wa inchi moja kwenye taruma la inchi mbili unataka msumari wa inchi nne, uliopakwa zinki, upenye utokeze ndani, ncha yake ipindwe irudi kwenye taruma. Msumari wa kawaida hushika kutu, kutu hula nyuzi za mbao, na kuzunguka kichwa cha msumari hutokea duara jeusi. Choma duara hilo kwa bisibisi. Likiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, ubao huo haushikiliwi tena na kitu. Kupigilia msumari mwingine kwenye tundu lilelile hakusaidii. Hamisha sentimita nne au tano pembeni, na tundu la zamani lizibwe kwa kijiti cha mti mgumu.

Sasa kukalafati, yaani kuziba mishono kwa pamba, ambako ndiko hela nyingi za kila mwaka zinakoenda. Chukua boti ya futi 24 yenye mbao tano kila upande. Ukihesabu mishono ya kati ya mbao na ile ya mkuku ni mishono kumi, jumla futi 240, yaani mita kama 73, na viungio vya kichwa kwa kichwa bado. Hiyo inakula kilo moja na nusu hadi mbili za pamba safi, na fundi makini anahitaji siku tatu au nne. Pamba ya zamani ing'olewe yote, mshono ukwanguliwe hadi mbao ionekane, boti ikae kivulini siku mbili ikauke juu. Pamba isokotwe, ipakwe mafuta (wengi hapa hutumia mawese), kisha ishindiliwe kwa patasi butu na nyundo ya mti hadi ibaki milimita mbili au tatu za kujaza puti.

Kosa kubwa ni kushindilia kupita kiasi. Boti ikiwa kavu mishono iko wazi, na anayejaza pamba kwa nguvu zote anajiona amefanya kazi nzuri. Boti ikirudi majini mbao zinavimba, pamba haina pa kwenda, basi mbao zinasukumana hadi misumari inang'oka na mataruma yanapasuka. Boti inayovuja zaidi baada ya matengenezo kuliko kabla, mara nyingi imepata ajali hiyo. Tusisahau pia vile vipande vya bati vinavyopigiliwa juu ya mishono. Vinalinda pamba isichomoke, ni kweli, lakini vinaficha uozo na kila kipande kinaongeza misumari. Kwenye boti ya kununua mkononi, vipande vitatu au vinne vibanduliwe mbele ya mnunuzi, hasa vya karibu na mkuku.

Hapo ndipo kufungwa kwa ziwa kunapoingia. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Sisi tunaunga mkono samaki kupumzishwa. Lakini miezi hiyo mitatu ni ya kiangazi na upepo mkali wa kusini, na boti iliyopandishwa juu ikaachwa juani hukauka kama kuni. Afanye hivi mwenye boti: aiweke kivulini au aifunike kwa turubai au nyasi, amwage ndoo kadhaa za maji ya ziwa ndani kila jioni, na ageuze upande unaopigwa na jua. Siku ya kurudi majini asipakie kitu. Aizamishe kwenye maji ya kina kifupi siku mbili au tatu, mbao zivimbe zenyewe, ndipo achote maji na kutazama panapovuja. Mara nyingi nusu ya matundu huwa yamejifunga bila kugusa pamba, na hiyo ni hela imeokolewa.

Injini tutaigusa kwa ufupi, maana wauzaji wanaielezea. Kwa mashine ya mizunguko miwili, lita 20 za petroli huchanganywa na mililita 400 za oili, na mashine mpya kabisa hupewa mara mbili ya hapo kipindi cha mwanzo kama kitabu chake kinavyoelekeza. Inayoua mashine nyingi ufukweni kwetu ni mchanga. Ukiwasha kwenye maji ya magotini, pampu inavuta mchanga, impela ya mpira inalika, mashine inachemka. Tazama ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma: ukipungua, zima hapohapo. Impela ibadilishwe kila mwaka, oili ya gia kila baada ya saa 100, na oili hiyo ikitoka nyeupe kama maziwa ujue sili (mpira wa kuzuia maji) imepitisha maji. Na grisi isionekane anasa. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa ziwani hapa Kigoma mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, lakini mafundi walizipaka injini zake grisi nene kwanza. Ilipoopolewa mwaka 1924 injini bado zilifaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini.

Wapo wanaouliza kama tanga linaweza kupunguza gharama ya petroli. Linaweza, kwa kipimo. Boti zetu ni pana na mkuku wake ni mfupi, hivyo tanga litasaidia upepo ukiwa nyuma au ubavuni. Kwenda mbisho, yaani kuukabili upepo, litaishia kuipeleka boti pembeni. Tunalipendekeza kama kinga ya mashine kuzima katikati ya ziwa: mlingoti wa kushushwa, foromali (boriti ya kubebea tanga), na tanga la mita 10 hadi 12 za mraba. Gharama yake ya kudumu ni jua, linaloozesha nyuzi za kitambaa. Tanga likikunjwa na kufunikwa kila linaposhushwa, linadumu muda mrefu zaidi kuliko lile linaloachwa likining'inia.

Ombi letu kwa halmashauri na taasisi za fedha ni ratiba ya marejesho. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mpevu. Kila mwezi mwandamo, wenye siku 29 na nusu, kuna wiki moja hadi siku kumi za mbalamwezi ambazo boti hazitoki. Hizo ndizo siku za kupandisha boti, kuangalia mishono na kupaka rangi, na ndizo siku ambazo mfuko wa mvuvi ni mtupu. Tarehe ya rejesho iliyopangwa kwa kalenda ya ofisi ikiangukia hapo, hela ya pamba ndiyo inayolipia deni, na boti inarudi majini vilevile ilivyo. Rejesho lipangwe siku za mwisho za giza. Miezi ya kufungwa ziwa isidaiwe. Sehemu ya kumi ya mkopo ibaki kwenye akaunti ya kikundi, itolewe kwa risiti za matengenezo tu.

Na ofisa anayekuja kukagua boti kabla ya hundi kusainiwa asiishie kupiga picha akiwa amesimama mchangani. Aje na bisibisi na tochi, anyanyue sakafu, achome miguu ya mataruma matatu, moja omoni (mbele), moja katikati na moja tezini (nyuma). Ni kazi ya robo saa.

Mafundi wa boti,
Kibirizi, Kigoma